Imamu Ghazali: Tabibu aliyeanza na moyo wake

SIFA zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, sahaba zake na kila aliyefuata mwongozo wake mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, mtu akishikwa na homa siku mbili mfululizo, nyumba nzima huingiwa na wasiwasi. Atapelekwa hospitali, atapimwa damu, na majirani watakuja kumjulia hali. Lakini moyo unaougua riyaa, husuda, kibri au kupenda sifa waweza kukaa na maradhi yake miaka mingi bila ya mwenyewe kujua, wala hapatikani wa kuja kumpa pole. Ubaya zaidi ni kuwa maradhi haya hupenda kujificha mahali pasipotiliwa shaka: katika sala ya mtu, katika sadaka yake, katika elimu yake na hata katika mawaidha anayowapa wengine.

Tumeona ni vyema Ijumaa hii tuyaangalie maisha ya mwanachuoni aliyeyagundua maradhi hayo ndani ya nafsi yake akiwa juu kabisa ya ngazi ya heshima, akayakiri, na akashika njia ya kuyatibu kabla ya mauti kumkuta. Huyo ni Imamu Abu Hamid Muhammad bin Muhammad Al-Ghazali, ambaye Waislamu walimpa lakabu ya Hujjatul Islam.

Mtoto wa msokota sufu

Kwa mujibu wa riwaya iliyo mashuhuri, Imamu Ghazali alizaliwa mwaka 450 H (1058) huko Tus, katika nchi ya Khurasan, karibu na ulipo leo mji wa Mashhad, kaskazini mashariki ya Iran. Wanahistoria wanasimulia kuwa baba yake alikuwa fukara aliyekula kwa jasho la mikono yake, akisokota sufu na kuiuza. Hakuwa msomi, lakini alipenda kukaa katika vikao vya wanavyuoni, na kila aliposikia mawaidha alilia na kumwomba Mola wake amruzuku mtoto mwenye elimu. Mwenyezi Mungu akamruzuku wawili, Muhammad na Ahmad, na wote wawili wakaja kuwa wanavyuoni, ingawa yeye mwenyewe hakuishi akayaona hayo.

Alipohisi kuwa ajali yake imekaribia, aliwausia watoto wake kwa rafiki yake mchamungu, akamkabidhi na akiba yake ndogo ili iwasomeshe. Akiba ile haikudumu. Ilipomalizika, yule rafiki, naye ni fukara, aliwaeleza mayatima ukweli na akawashauri wajiunge na madrasa, kwa kuwa wanafunzi wa huko walikuwa wakipata chakula. Katika utu uzima wake Imamu Ghazali alikuwa akikiri kuwa njaa ndiyo iliyowapeleka madrasani, wala haikuwa kumtafuta Mwenyezi Mungu, na kwamba elimu yenyewe ndiyo iliyokuja kuwageuza nia. Tulikumbuke neno hili, kwani maisha yake yote yamezunguka swali hilo moja: hiki ninachokifanya, nakifanya kwa ajili ya nani?

Katika ujana wake alisafiri hadi Jurjan kutafuta elimu. Inasimuliwa kuwa alipokuwa akirejea Tus, msafara wao ulivamiwa na wanyang'anyi, nao wakamchukulia mzigo uliokuwa na daftari zake zote. Kijana akawafuata nyuma akiwasihi wamrudishie, maana elimu yake yote imo humo. Mkuu wa wanyang'anyi alimcheka: ni elimu gani hii ambayo mwizi aweza kuichukua na kumwacha mwenyewe mtupu? Kisha akaamuru arudishiwe. Ghazali aliyapokea maneno yale kama funzo kutoka kwa Mola wake, akakaa Tus miaka mitatu akiyahifadhi yote aliyoyaandika.

Baada ya hapo alikwenda Nishapur, kwa Imamul Haramain Al-Juwayni, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafii wa zama hizo. Alisoma kwake fiqhi, usuli, elimu ya kalamu na mantiki mpaka mwalimu huyo alipofariki mwaka 478 H (1085). Hapo Ghazali alikuwa kijana wa miaka 28 kwa hesabu ya Hijria, na tayari jina lake linatajwa.

Juu ya kiti cha Baghdad

Kutoka Nishapur alielekea kwenye kambi ya Nidhamul Mulk, waziri mkuu wa dola ya Waseljuki, aliyependa kuwakusanya wanavyuoni na kuwasikiliza wakijadiliana. Kijana wa Tus aliwashinda waliomtangulia kwa umri na kwa jina. Mwaka 484 H (1091) waziri akamteua kuwa mwalimu mkuu wa Nidhamiyya ya Baghdad, madrasa iliyofunguliwa mwaka 459 H (1067) na iliyokuwa miongoni mwa vyuo vyenye heshima kubwa kabisa katika ulimwengu wa Kiislamu. Umri wake haukuwa umefika hata miaka 35.

Wanafunzi wapatao 300 walihudhuria darasa zake. Makhalifa na mawaziri walitaka rai yake. Aliandika fiqhi, aliwajibu Mabatini, na akatunga Tahafutul Falasifa, kitabu kilichozitikisa hoja za wanafalsafa. Inasimuliwa kuwa siku alipoingia Baghdad, watu walikisia thamani ya mavazi yake na mnyama aliyempanda kuwa dinari 500.

Abdulghafir Al-Farisi, khatibu wa Nishapur aliyemjua kwa macho, ameeleza kuwa Ghazali wa siku hizo alikuwa na ukali na majivuno. Aliwatazama wenzake kwa jicho la dharau, kwa kughurika na ufasaha, akili na cheo alichoruzukiwa. Hatumtaji kwa haya ili kumvunjia heshima Imamu wetu. Tunayataja kwa sababu yeye mwenyewe hakuyaficha, na kwa sababu dawa haieleweki mpaka ugonjwa utajwe.

Ulimi ulipofungwa

Katika miaka hiyo, licha ya shughuli zake zote, Imamu Ghazali alikuwa akisoma vitabu vya waliotangulia katika elimu ya kuitakasa nafsi, kama vile Qutul Qulub cha Abu Talib Al-Makki na maandishi ya Al-Harith Al-Muhasibi. Aliyafahamu upesi, kama alivyofahamu kila alichokisoma. Kisha akatambua jambo lililomtia hofu: kufahamu si kuwa. Katika kitabu alichokiandika mwishoni mwa umri wake, Al-Munqidh minad Dhalal, ametoa mfano wa tabibu aliye mgonjwa. Tabibu huyo anajua afya ni nini, anajua sababu zake na dawa zake, lakini afya yenyewe hana. Na mlevi asiyejua hata maana ya ulevi ni mlevi vilevile. Yeye alijiona ni yule tabibu: anajua ikhlasi ni nini na anaweza kuifundisha siku nzima, lakini moyoni hakuiona.

Akaigeukia kazi yake iliyo bora kuliko zote, nayo ni kufundisha dini. Akajiuliza nia yake. Akaona, kwa ushuhuda wake mwenyewe, kuwa kinachomsukuma ni kutaka cheo na kuenea kwa jina. Alijiona amesimama kwenye ukingo wa bonde linalomomonyoka, na kwamba asipojirekebisha ataangukia Motoni.

Ndugu msomaji, tutue hapa kidogo. Mtu huyu hakukutwa katika pombe, wala dhuluma, wala riba. Alikutwa katika darasa la fiqhi. Ikiwa kazi kama hiyo yaweza kuwa na ufa ndani yake, basi nani kati yetu atajiaminisha?

Kuanzia mwezi wa Rajab mwaka 488 H (1095), kwa muda wa karibu miezi 6, alivutwa huku na huku. Asubuhi huazimia kuondoka, jioni azma imevunjika. Nafsi ilimwambia hali hii ni ya kupita, na kwamba akikiacha kiti hiki hatakipata tena. Hatimaye jambo likatoka mikononi mwake. Ulimi ulimzuia. Alijaribu siku moja afundishe, walau kuziridhisha nyoyo za wanafunzi waliomjia, na neno halikutoka. Huzuni ile ikashuka hadi tumboni: hakuweza kumeza tonge wala kustarehe na kinywaji, na nguvu zikamwishia. Matabibu walikata tamaa. Walisema ugonjwa umeanzia moyoni na kutoka huko ukauingia mwili, basi mwili hautapona mpaka moyo utulie.

Alipoona hila zake zimekwisha, alimkimbilia Mwenyezi Mungu kama anavyomkimbilia mtu aliyedharurika. Dua yake ikajibiwa, na kuacha cheo, mali na masahibu kukawa kwepesi moyoni mwake.

Wapo wanahistoria wanaodhani kuwa aliondoka kwa hofu ya siasa, kwa vile Nidhamul Mulk aliuawa mwaka 485 H (1092), naye Sultani Malik Shah akafariki katika mwaka huo huo. Dhana hizo zilisemwa hata enzi zake, naye alizijua. Sisi tunamchukua kwa alilolieleza mwenyewe, na mwendo wa maisha yake baada ya hapo unamshuhudia.

Miaka 11 bila ya kiti

Mwezi wa Dhul Qaada 488 H (Novemba 1095) alitoka Baghdad. Alitangaza kuwa anakwenda Makka, na moyoni amekusudia Sham, kwa kuchelea kuwa khalifa na marafiki watamzuia. Nduguye Ahmad alishika nafasi yake ya kufundisha. Mali yake aliigawa, akabakisha kiasi cha kumtosha yeye na kuwalisha watoto wake. Tuizingatie sana nukta hii. Hakuitoka dunia kwa kuwatupa aliopewa jukumu la kuwalea. Riziki ya wanawe aliihakikisha kwanza, na kuondoka kukafuata.

Huko Dimashqi alikaa karibu miaka miwili. Mara nyingi alipanda mnara wa msikiti mkuu wa mji na kujifungia humo mchana kutwa, akidhukuru na kuihesabu nafsi yake. Alikwenda Baitul Maqdis, akawa akiingia katika Kubba la Mwamba na kujifungia humo. Alilizuru kaburi la Nabii Ibrahim (A.S.) katika mji wa Al-Khalil, na mbele yake akaweka ahadi tatu: kutopokea mali ya sultani, kutokwenda kwenye baraza za watawala, na kutoingia katika mijadala ya kushindana. Ahadi hizo hazikuja kwa kubahatisha. Kila moja ilikuwa ni mlango ambao ugonjwa wake ulipitia. Baada ya hapo alikwenda Hija na kumzuru Mtume (S.A.W.).

Kilichomrejesha kwao ni watoto. Ameandika kuwa wito wa watoto ulimvuta arudi, naye kabla ya hapo alidhani yeye ndiye mtu wa mwisho kufikiria kurejea. Hata nyumbani alijitahidi kupata saa za faragha, lakini shughuli za familia na riziki zikawa zinamkatizia, na utulivu kamili akaupata kwa nyakati chache tu. Hakuivunja azma yake kwa sababu hiyo. Kila alipoondolewa, alirudi. Wazazi wenye watoto wadogo na kazi nyingi wapate faraja hapo.

Daftari la nafsi

Tunda la miaka hiyo ni Ihyau Ulumid Din, kitabu chenye vitabu 40 ndani yake, vilivyogawanywa katika robo nne: ibada; ada za maisha kama kula, ndoa, chumo na safari; mambo yenye kuangamiza; na mambo yenye kuokoa. Wanavyuoni hawakukipokea kwa sauti moja. Huko Andalus, zama za Murabitun, nakala zake zilichomwa moto. Wengine walikikosoa kwa Hadithi dhaifu zilizomo, na Al-Hafidh Zainuddin Al-Iraqi, aliyefariki mwaka 806 H (1404), akafanya kazi kubwa ya kuzibainisha daraja zake. Pamoja na hayo, umma haukukiacha. Masharifu wa Hadhramaut, ambao vizazi vyao vimefundisha dini katika Pwani yetu ya Afrika Mashariki, wamekuwa miongoni mwa waliokipenda mno.

Tuchukue mambo mawili tu kutoka humo. La kwanza limo katika kitabu cha 38, kinachohusu kuichunga nafsi na kuihesabu. Imamu anaifananisha nafsi na mshirika wa biashara. Mtaji ni umri, na faida ni radhi za Mwenyezi Mungu. Mfanyabiashara mwenye akili hamwachii mshirika wake mtaji hivi hivi. Kwa hiyo ameweka hatua 6. Asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, mtu aiwekee nafsi yake masharti: ulimi usifanye kadha, jicho lisitazame kadha. Mchana aichunge inapotenda. Jioni akae nayo chini waangalie hesabu, kipi kimeingia na kipi kimepotea. Akikuta hasara, aitie adabu kwa jambo halali, kwa mfano tumbo lililokula chenye shaka alipe njaa kidogo. Akiiona imezembea, aishughulishe kwa ibada za ziada. Na wakati wote asiache kuilaumu, maana nafsi isiyolaumiwa husahau.

La pili ni njia 4 za kuzijua aibu zetu, kwani mtu haoni kisogo chake. Ya kwanza ni kuwa na sheikh mwenye kuyajua maradhi ya nyoyo. Ya pili ni rafiki mkweli anayeambiwa waziwazi: ukiniona nimekosea, niambie. Ya tatu inashangaza: ni kumsikiliza adui, kwa kuwa jicho la chuki huziona aibu ambazo rafiki huzifumbia macho. Ya nne ni kuchanganyika na watu, na kila baya tunalolichukia kwao tujitafute kama sisi hatunalo.

Kwa watoto nako hakunyamaza. Moyo wa mtoto kwake ni johari safi isiyochorwa kitu, ni amana kwa wazazi wake, nayo hukubali kila mchoro. Wazazi wakiizoesha kheri, wanashirikiana nayo katika thawabu. Wakiipuuza, mzigo uko shingoni mwao.

Kurejea kwa mwalimu

Mwaka 499 H (1106), Fakhrul Mulk, mtoto wa Nidhamul Mulk, alimtaka akafundishe katika Nidhamiyya ya Nishapur. Imamu aliona kukaa faraghani kwa ajili ya raha yake, wakati watu wamepotea, kwaweza kuwa nako ni ugonjwa. Akataka shauri la watu wema, wote wakamwambia atoke. Basi akarudi kwenye kiti baada ya miaka 11 ya Hijria. Alieleza kuwa huku hakukuwa kurejea alikotoka, kwa sababu zamani alifundisha elimu ya kutafutia cheo, na sasa anafundisha elimu ya kukiachia cheo.

Watu hawakumsadiki mara moja. Al-Farisi, yule khatibu tuliyemtaja, anakiri kuwa mwanzo alidhani unyenyekevu ule ni wa kujilazimisha. Alimzuru mara nyingi na kumchunguza, mpaka akayakinika kuwa mtu yule amezinduka na kupona. Huu ni ushahidi wenye uzito, kwa kuwa umetoka kwa mtu aliyeanza na shaka.

Hakukaa muda mrefu Nishapur. Alirejea Tus, akaweka karibu na nyumba yake madrasa ya wanafunzi na makazi ya wafuasi wa tariqa, na siku zake akazigawa baina ya kuhitimisha Qur'ani, kufundisha na kukaa na watu wa Mwenyezi Mungu. Mwishoni alijielekeza kwenye Hadithi, akizisoma Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim. Mwanachuoni aliyewafundisha maelfu alikaa tena kitako kama mwanafunzi.

Alifariki siku ya Jumatatu, tarehe 14 Jumadal Akhira 505 H (Desemba 1111). Hakuacha watoto wa kiume, aliacha mabinti. Inasimuliwa kutoka kwa nduguye Ahmad kuwa alfajiri ya siku hiyo alitawadha, akasali, akaomba aletewe sanda yake. Aliibusu, akaiweka machoni, akaonesha utiifu wa kuingia kwa Mfalme, akanyoosha miguu na kuelekea kibla. Jua lilipochomoza alikuwa ameshafariki.

Zingatio kwa nyumba zetu

Ndugu Waislamu, si kila mmoja wetu ataweza kuacha kazi na kwenda kukaa faraghani, wala Imamu hakututaka tufanye hivyo. Yeye mwenyewe alimalizia umri wake nyumbani kwao, karibu na familia yake. Alichotuachia ni kipimo ambacho kila nyumba yaweza kukitumia. Katika Al-Munqidh amezifananisha ibada na dawa ambazo Mitume, matabibu wa nyoyo, wamezipima kwa vipimo maalumu: alfajiri rakaa mbili, alasiri nne. Sisi tunazitumia dawa hizo kila siku. La kujiuliza ni hili: mbona kibri hakipungui? Mbona husuda haipoi? Mgonjwa anayekunywa dawa na hapati nafuu hurudi kuangalia anazinywaje.

Basi tuanze na dakika chache. Baada ya sala ya isha, kabla ya kulala, kila mmoja afungue daftari la siku yake. Baba ajiulize sadaka aliyoitoa leo mbele ya watu, je, angeitoa vilevile lau hakuna aliyemwona? Mama ajiulize juu ya maneno yaliyosemwa barazani kuhusu mke wa jirani. Watoto wafundishwe kutaja jambo moja jema walilolifanya bila ya mtu kujua, na jambo moja wanalotaka Mola awasamehe. Mume na mke wapeane ruhusa ya kuambizana makosa kwa upole, kwani hakuna kioo kilicho karibu zaidi kuliko hicho. Pakipatikana kosa, pafuate toba na azma, na kesho asubuhi masharti yawekwe upya.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) amrehemu Imamu Ghazali, atutakasie nia zetu katika yale tunayoyadhania kuwa ni mema, na atuoneshe aibu zetu tungali hai na mlango wa toba uko wazi. Amin.

Wabillahi tawfiq.